Tuandike Yote, au Mema Peke Yake?

Mwaka jana sisi waalimu wa upande wa Bigwa tulipewa kazi ambayo mwanzoni tuliiona nyepesi. Kigango kimoja huko juu milimani, ambacho jina lake hatutalitaja, kilikuwa kikijiandaa kwa sikukuu yake. Wazee wake walitaka habari za mwanzo wa kigango ziandikwe katika kitabu kidogo, zisomwe mbele ya watu wote, kisha zihifadhiwe kwa ajili ya watoto watakaokuja. Basi tulichukua daftari na kalamu, tukapanda mlima, tukaketi barazani pamoja na wazee, tukauliza: Ni nani aliyeanza? Kanisa la kwanza lilisimama wapi? Ni nani waliobatizwa kwanza?

Majibu yalikuja kama maji ya mto wakati wa masika. Wote walikubaliana ya kuwa aliyeanza alikuwa katekista mmoja aliyetumwa kutoka misioni. Ndiye aliyejenga kibanda cha miti na udongo, akakiezeka kwa nyasi. Ndiye aliyewafundisha watoto sala chini ya mti. Ndiye aliyeshuka bondeni usiku, mvua ikinyesha, kumwita padre kwa ajili ya mgonjwa. Alifanya hivyo miaka mingi kwa mshahara usiotosha chumvi na nguo. Baadaye alianguka. Alioa mke wa pili, akaiacha kazi, akahama, wala pale kigangoni hakuonekana tena.

Tulipofika hapo baraza lilinyamaza. Kisha mzee mmoja, mtu wa heshima, akasema, "Waalimu, huyo mwacheni. Anzeni na yule wa pili, aliyekuwa mwema mpaka kufa kwake. Kitabu cha kanisa si mahali pa kuwekea aibu." Wengi waliitikia. Lakini bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi, aliinua uso wake akasema, "Wajukuu zangu, mimi nilipokuwa mtoto mchanga nilikuwa nakufa. Padre alikuwa mbali. Yule ndiye aliyenimwagia maji ya ubatizo. Mkimfuta yeye, mimi nilibatizwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulishuka mlima kimya kimya, nalo swali likashuka pamoja nasi. Mwandishi wa habari za Kanisa, au wa habari za watu wema wo wote, aandike yote, au aandike mema peke yake? Akiandika yote, je, hatavunja heshima ya marehemu na kuwahuzunisha wajukuu? Akiandika mema peke yake, je, hatakuwa amesema uongo kwa kunyamaza? Twaomba ruhusa ya kulitazama swali hili pamoja nanyi, kwa kuwa si la kigango kimoja tu. Waliotutangulia, nao walilikuta.

Tuanze karibu na nyumbani. Misioni ya Morogoro, iliyoanzishwa mwaka 1882, ni mtoto wa Bagamoyo. Basi mtoto akitaka kujua mambo ya kale na amwulize mama yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863. Mkubwa wao alikuwa Padre Anton Horner, mtu wa Alsace, aliyezaliwa mwaka 1827. Mwaka 1868 alianzisha misioni ya Bagamoyo, na mwaka 1870 alisafiri mpaka Ukami, upande wa milima yetu hii. Alikufa Cannes, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1880. Padre Horner hakuwa mtu wa kukaa na vitabu. Alikuwa mtu wa kujenga, wa kulima, na wa kuuguza wagonjwa. Walakini habari za mwanzo wa shirika lake katika pwani hii twazijua kwa sehemu kubwa kwa kalamu yake na kalamu za wenzake. Kwa hiyo si kosa kumhesabu miongoni mwa waandishi wa kwanza wa historia ya shirika lile kwetu.

Kalamu zile ziliandika mahali pawili. Kwanza ziliandika barua za kwenda Ulaya, ambazo zilichapishwa katika magazeti ya misioni na kusomwa na Wakristo wa huko, hata na watoto waliotoa senti zao katika Shirika la Utoto Mtakatifu. Kwa fedha hizo mapadre waliwakomboa watoto waliouzwa utumwani katika soko la Unguja, mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873. Barua hizo zaeleza taabu ya mtoto aliyenyang'anywa mama yake, na furaha yake alipopata chakula, nguo, na jina la Kikristo. Pili, kalamu zile ziliandika daftari la nyumba, ambalo ndani yake mambo ya kila siku yalitiwa, pamoja na barua za kuwaarifu wakubwa wa shirika hali ya kazi. Hizo hazikuandikwa ili zichapishwe.

Tufani iliyoiangusha misioni ya Bagamoyo mwezi wa Aprili mwaka 1872 ilikuwa habari ya kusimuliwa Ulaya, kwa kuwa msomaji akiisikia hutoa msaada. Lakini kijana aliyetoroka usiku, na mwingine aliyeadhibiwa, na wengine walionung'unika juu ya kazi au juu ya ndoa zao, hao twawakuta zaidi katika daftari na katika barua za ndani. Mwaka 2005 Padre Paul Kollman, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, alitoa kitabu kikubwa juu ya watumwa waliokombolewa na mwanzo wa Ukatoliki katika Afrika ya Mashariki. Aliyasoma maandiko ya aina zote mbili, akayalinganisha. Ndipo ilipoonekana wazi ya kuwa watoto wale wa Bagamoyo hawakuwa watu wa kulia na kushukuru tu. Walikuwa watu wenye nia yao wenyewe. Walipima, walikubali, walikataa. Wengine waliondoka, na wengine walibaki.

Je, barua zilizochapishwa zilikuwa za uongo? Hatusemi hivyo. Mwenye kuomba chakula kwa ajili ya watoto mia hana nafasi ya kueleza kila ugomvi wa jikoni. Lakini tazameni jambo moja. Mtu asomaye zile barua tamu peke yake huwahurumia watoto wale, wala hawaheshimu. Mtu asomaye daftari pia hujifunza kuwaheshimu. Maana ye yote aliyeweza kutoroka asitoroke, aliyeweza kukataa akakubali, imani yake ni yake mwenyewe. Na watu kama hao ndio walioondoka Bagamoyo wakapanda bara pamoja na mapadre, wakakaa katika vijiji vya Kikristo vya Mhonda mwaka 1877, na Mandera mwaka 1881, na Morogoro mwaka 1882. Huenda mmoja wenu asomaye maneno haya ni kitukuu wao. Basi ni lipi limpalo babu yako heshima zaidi: barua iliyoficha manung'uniko yake, au daftari lililoyaandika?

Hilo ni fundisho la kwanza: mara nyingi ukweli huheshimu zaidi kuliko sifa.

Sasa twende mbali kidogo, kwa kuwa kule kuna kisa kinachofanana na kile cha katekista wetu kama uji na maziwa. Katika mkoa wetu huu, upande wa Mahenge, Wakristo wamewajua Mapadre Wakapuchini tangu mwaka 1921, wenye kanzu ya rangi ya udongo na kamba kiunoni. Hao ni wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyekufa jioni ya tarehe 3 Oktoba mwaka 1226. Mtu wa kwanza kuandika maisha yake alikuwa mmoja wa ndugu zake, jina lake Thomas, mzaliwa wa mji wa Celano katika Italia. Aliingia katika shirika yapata mwaka 1215, Fransisko mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1221 alitumwa pamoja na wenzake kwenda Ujerumani, akawa mmoja wa wakubwa wa ndugu huko. Fransisko alipotangazwa kuwa mtakatifu, mwezi wa Julai mwaka 1228, Baba Mtakatifu Gregori IX alimwagiza Thomas aandike maisha yake. Na kitabu kilipokewa mapema mwaka 1229.

Kila mwaka wakati wa Noeli tunatengeneza pango makanisani, na kumlaza Mtoto Yesu katika nyasi kavu. Habari ya Noeli ile ya mwaka 1223, Fransisko alipowaita watu wa Greccio usiku, akaweka hori, nyasi, ng'ombe na punda, iliandikwa kwanza na Thomas katika kitabu hicho. Basi mtu huyu si mgeni kwetu, hata kama jina lake hatujalisikia.

Katika kitabu cha kwanza Thomas alimsifu sana ndugu mmoja aitwaye Elia. Aliandika jinsi Elia alivyomtunza Fransisko katika ugonjwa wake, na jinsi Fransisko alivyombariki alipokuwa karibu kufa. Baadaye Elia alisimamia ujenzi wa kanisa kubwa la Asizi, na mwaka 1232 alifanywa mkubwa wa shirika lote. Lakini aliwatawala wenzake kwa ukali, nao wakalalamika, na mwaka 1239 aliondolewa katika ukubwa wake. Akaenda kwa Kaisari Frederick II, aliyekuwa katika magomvi na Baba Mtakatifu, akatengwa na Kanisa. Ilikuwa aibu kubwa kwa ndugu wote.

Yapata mwaka 1246 na 1247 Thomas aliandika kitabu cha pili, kwa agizo la mkubwa mwingine wa shirika, akitumia kumbukumbu zilizoletwa na ndugu waliokaa na Fransisko. Ni kitabu chema, chenye mambo mengi yasiyokuwamo katika cha kwanza. Lakini ndani yake Elia hatajwi kwa jina. Kalamu ni ileile, mtakatifu ni yuleyule, na kifo ni kilekile; ila yule aliyebarikiwa kando ya kitanda amekuwa mtu asiye na jina.

Haya basi, si ndilo shauri lile tulilopewa barazani? "Huyo mwacheni."

Wala mambo hayakuishia hapo. Ndugu walipozidi kuwa wengi, na vitabu juu ya Fransisko kuwa vingi, na mabishano kuongezeka, Mtakatifu Bonaventura, aliyekuwa mkubwa wao, aliombwa aandike kitabu kimoja cha kuwapatanisha wote. Alikimaliza kabla ya mwaka 1263. Ndipo mkutano mkuu wa Paris wa mwaka 1266 ulipoamuru ya kuwa vitabu vya zamani vya maisha ya Fransisko viondolewe, hata vile vilivyokuwa nje ya shirika kama vingepatikana. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka amani, kama wazee wetu wa kigango walivyotaka amani. Thomas mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, yapata mwaka 1260.

Lakini nakala chache zilibaki, nyingine zikiwa zimehifadhiwa katika monasteri za mashirika mengine ambako amri ile haikuwa na nguvu. Kitabu cha kwanza cha Thomas hakikuchapishwa mpaka mwaka 1768, na wanachuo Wajesuiti wa Antwerp waitwao Wabolandi. Cha pili hakikuchapishwa mpaka mwaka 1806. Hata katika siku zetu, mwaka 2015, ilitangazwa ya kuwa mwanachuo Mfaransa Jacques Dalarun ametambua kitabu kidogo cha ngozi, chenye ukubwa wa kiganja, ambamo mna maisha ya Fransisko yaliyoandikwa na Thomas kati ya kile cha kwanza na kile cha pili. Nayo maktaba kuu ya taifa la Ufaransa ilikuwa imekinunua. Kwa karne nyingi maneno yale yalilala. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaweza kuongeza, mficha habari karne humwumbua.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni mwisho wa Elia mwenyewe. Alikufa mwaka 1253, na kabla ya kufa alitubu akapatanishwa na Kanisa. Tafakarini vema, wasomaji. Mtu ambaye jina lake halikuwamo kitabuni mwaka 1247 hakuwa na mahali pa kurudia mwaka 1253. Aliyeficha anguko lake ameficha, pasipo kukusudia, hata toba yake.

Jambo hilo lilitusumbua, tukasema: Nasi je, tunajua mwisho wa katekista wetu? Kigangoni walijua ya kuwa alianguka akahama. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuuliza. Tukaanza kuuliza. Tuliulizia ukoo wake, tukatumwa kijiji cha mbali, katika parokia nyingine kabisa. Padre wa huko alitufungulia kitabu cha wafu. Humo, kwa wino uliofifia, tulikuta jina lake, na mwaka wa kufa kwake, na neno fupi ya kuwa alipokea Sakramenti kabla ya kufa, akazikwa katika makaburi ya Kanisa. Miaka yote hiyo watu wa kigango chake walikuwa wakimlilia, au wakimdharau, kama mtu aliyepotea. Kumbe alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Nasi tungalitii shauri la kumwacha, tusingalijua kamwe.

Lakini tusiwadharau wale wanaosema, "Andikeni mema tu." Wana hoja, nayo ni hoja ya Amri ya Nane. Katekisimu yatufundisha ya kuwa kuna dhambi mbili za ulimi dhidi ya jina la mtu. Moja ni kumsingizia, yaani kumzulia asilolitenda. Ya pili ni kumsengenya, yaani kufunua kosa lake la kweli pasipo sababu ya haki. Tuangalie sana hiyo ya pili. Ukweli wa kosa haukupi ruhusa ya kulitangaza. Jirani yangu akiwa mlevi miaka kumi iliyopita, nami leo nikalisema sokoni ili watu wacheke, nimetenda dhambi, ijapokuwa sikusema uongo. Basi je, mwandishi wa historia si msengenyaji mwenye kalamu?

Twajibu ya kuwa mambo yote yamo katika maneno haya: pasipo sababu ya haki. Mganga akisema ugonjwa wa mtu ili atibiwe, hasengenyi. Mwandishi naye apime: je, kosa hili lina kazi gani katika habari ninayoieleza? Kama halina kazi, alinyamazie. Kwa mfano, katika baraza lile tuliambiwa mengine juu ya nyumba ya katekista, nani alisema nini, na mke yupi alimtukana nani. Hayo hatukuyaandika, wala hatutayasema. Lakini kama kosa ni sehemu ya njia yenyewe, hata pasipo lile habari haieleweki, basi kuliondoa ni kuivunja habari.

Tena tuna mfano mkubwa kuliko wote. Injili zote nne zaeleza jinsi Petro alivyomkana Bwana wetu. Wainjili wangaliweza kunyamaza, kwa kuwa Petro alikuwa mkubwa wa Mitume, na Wakristo walikuwa wachache wenye kudharauliwa. Hawakunyamaza. Kwa sababu hiyo twajua machozi yake pia. Mtu asiyejua kuwa jogoo aliwika hawezi kuelewa kwa nini Bwana alimwuliza Petro mara tatu, kando ya ziwa, kama anampenda.

Lakini Maandiko Matakatifu yana hekima zaidi ya hiyo. Habari za Mfalme Daudi zimeandikwa mara mbili. Kitabu cha Pili cha Samweli chaeleza waziwazi jinsi alivyomchukua mke wa Uria, na jinsi alivyomwua Uria mwenyewe. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, kinachosimulia vita vilevile vya wakati ule, hakina kisa hicho. Mwandishi wake alikuwa na shabaha nyingine: alitaka kueleza habari za hekalu na ibada. Kanisa limevipokea vyote viwili. Maana yake ni nini? Twaona ya kuwa si lazima kila kitabu kiseme kila jambo. Lakini kama Israeli wangalikichoma kitabu cha Samweli baada ya kupata kile cha Mambo ya Nyakati, leo tusingalijua Daudi alitubu nini. Kuchagua ni haki ya mwandishi. Kuteketeza si haki ya mtu ye yote.

Baba Mtakatifu Leo XIII alifahamu hayo. Mwaka 1881 aliwafungulia wanachuo nyaraka za siri za Vatikani, na mwaka 1883 aliandika barua juu ya historia, akiwakumbusha waandishi kanuni ya zamani ya Mrumi Cicero: mwandishi asithubutu kusema uongo, wala asiogope kusema kweli. Kama angaliogopa makosa ya waliomtangulia, angaliziacha nyaraka zile zimefungwa.

Imebaki sasa kuuliza: Mwandishi awe mtu wa namna gani? Kwa maana kweli ileile ikisemwa na adui ni mkuki, na ikisemwa na rafiki ni dawa. Hapa hatuna haja ya kwenda Italia wala Roma, kwa kuwa desturi yetu ya Uluguru yatufundisha. Mtu akifa, watani wake huja matangani. Mtani humwiga marehemu, huyataja makosa yake kwa sauti, uchoyo wake, hasira zake, ulegevu wake. Na wafiwa, walio katika machozi, hucheka. Hakuna anayemkasirikia. Kwa nini? Kwa sababu mtani hakuja kushitaki. Amekuja kushika jembe la kaburi, kufanya kazi nzito ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Mikono yake imebeba maiti. Kwa hiyo mdomo wake una ruhusa.

Twafikiri mwandishi mwema wa historia ya Kanisa awe kama mtani. Msifu atafutaye zawadi hafai, kwa kuwa atapaka asali juu ya kila kitu. Adui hafai, kwa kuwa atatafuta uvundo tu. Afaa yule aliyekubali kwanza kubeba: aliyepanda mlima kuwauliza wazee, aliyetafuta vitabu vya wafu, aliyekesha akilinganisha neno na neno. Yeye aliyetaabika kwa ajili ya marehemu ana haki ya kusema makosa yake, naye atayasema kwa kiasi.

Tulirudi kigangoni tukiwa na daftari letu. Tuliwaeleza wazee tulichokikuta katika kitabu cha wafu. Yule mzee wa heshima alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Sikujua." Hakusema zaidi, wala hakutaka bado jina lisomwe kanisani. Alisema ya kuwa vijana watafikiri mtu aweza kuoa wake wawili, kisha mwishoni yote yakawa sawa. Hilo nalo ni neno zito, hatukulitupa. Tuliongea mpaka jua likashuka nyuma ya mlima. Mwisho tulikubaliana kuandika hivi: jina lake na kazi yake kwa ukamilifu; kisha, kwa maneno machache yasiyo na mapambo, ya kuwa aliiacha kazi kwa sababu ya ndoa isiyo ya Kikristo, na ya kuwa kigango kilikaa muda mrefu bila mwalimu, na watoto wengi walikua bila mafundisho; kisha ya kuwa alitubu na kufa katika amani ya Kanisa. Hasara tuliiandika kwa sababu ya neno la yule mzee. Msamaha tuliuandika kwa sababu ya kitabu cha wafu. Na habari yote tuliianza na jina lake, kwa sababu ya swali la yule bibi mkongwe.

Wajukuu wa katekista yule tuliwaendea kabla ya sikukuu, tukawasomea nyumbani kwao, wasije wakasikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mmoja wao alihuzunika, hatufichi. Mwingine alituomba nakala.

Basi, wasomaji wapenzi, kila kigango kina mwanzo, na kila mwanzo una wazee wachache wanaoukumbuka. Hao hawatatungoja. Nendeni kwao na daftari mngali na nafasi. Andikeni majina, hata ya walioanguka, andikeni miaka, andikeni mnayoyapenda na msiyoyapenda. Kisha mnapotunga kitabu cha kusomwa mbele ya watu, chagueni kwa upendo na kwa busara, wala msione haya kuacha yasiyo na kazi. Lakini daftari lenyewe msilichome. Liwekeni mahali pakavu, mbali na mchwa. Huenda siku moja mtu atarudi nyumbani akitafuta jina lake, naye inafaa alikute.